Uchunguzi wa chanzo cha moto

Uchunguzi wa chanzo cha moto ni tawi la sayansi ya jinai linalotafuta mahali moto ulipoanzia, kilichouwasha, na kama kuna aliyeutia kwa makusudi. Ni kazi ngumu kupita kiasi, kwani moto huteketeza ushahidi wake wenyewe, na kinachosalia husombwa na maji ya zimamoto au kukanyagwa na waokoaji.

Kwenye eneo la tukio

Mchunguzi huanzia palipoungua kidogo, akasogea taratibu hadi palipoteketea kabisa. Hupiga picha kabla ya kugusa kitu, hufukua majivu tabaka kwa tabaka, hukagua nyaya, majiko na mitungi ya gesi, na huwahoji walioona moshi wa kwanza. Mabaki yanayoshukiwa kumwagiwa petroli au mafuta ya taa hutiwa katika makopo ya bati yasiyopitisha hewa, maana mvuke ukitoroka, ushahidi umekwenda nao. Maabara huunasa mvuke huo kwa mkaa maalumu, kisha huuchambua kwa kromatografia ya gesi. Mbwa wa kunusa husaidia kuonyesha pa kuchukua sampuli. Kuthibitisha ni kazi ya maabara.

Imani za zamani na moto wa Lime Street

Kwa miongo mingi wachunguzi wa Marekani walirithi ujuzi kwa wakongwe wa kazi, si kwa majaribio. Kioo chenye nyufa nyingi ndogo, mbao zilizoungua sana au alama za madimbwi sakafuni zilihesabiwa kuwa dalili za petroli. Watu walifungwa kwa dalili hizo.

Oktoba 1990, nyumba iliungua katika mtaa wa Lime Street, Jacksonville, Florida, na watu 6 wakafa. Mwanamume aliyenusurika alishtakiwa kwa mauaji, ingawa alisema moto ulianzia kwenye kochi. Wataalamu John Lentini na John DeHaan, walioitwa na upande wa mashtaka, walipata nyumba jirani iliyofanana na ile, wakaiwekea samani, wakawasha kochi bila tone la petroli. Kabla ya dakika 5 kutimia, chumba kizima kilishika moto kwa mpigo, na sakafu ikabaki na alama zilezile zilizokuwa zimemtia mtu yule hatiani machoni pa wachunguzi. Mashtaka yakafutwa.

Sababu ya chumba kushika moto kwa mpigo inaeleweka vizuri. Moshi na gesi za moto hujikusanya chini ya dari. Joto la moshi na gesi hizo likifika karibu nyuzi 600 za Selsiasi, kila kinachoweza kuungua chumbani huwaka pamoja, sakafu ikiwemo. Vioo navyo hupata nyufa vikimwagiwa maji vingali vya moto.

Mwongozo wa NFPA 921, wa chama cha kitaifa cha kujikinga na moto cha Marekani, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1992, ulidai kila hitimisho lijaribiwe kisayansi. Wengi kazini waliupinga. Katika jaribio la Las Vegas mwaka 2005, wachunguzi 53 waliulizwa moto ulianzia robo ipi ya chumba kilichoshika moto kizima kwa mpigo. 3 tu walipatia.

Kesi ya Willingham

Mabinti watatu wa Cameron Todd Willingham walikufa nyumba yao ilipoungua huko Corsicana, Texas, tarehe 23 Desemba 1991. Baba alihukumiwa kifo kwa ushahidi uliotegemea sana dalili zilezile za zamani. Mwanakemia Gerald Hurst aliandika ripoti akizikanusha moja baada ya nyingine, lakini Willingham aliuawa kwa sindano ya sumu tarehe 17 Februari 2004. Mwaka 2009 mtaalamu Craig Beyler, aliyeajiriwa na tume ya sayansi ya jinai ya Texas, alisema madai ya uchomaji hayakuwa na msingi wa kisayansi. Mwaka 2013 Texas ilipitisha sheria inayowaruhusu wafungwa kupinga hukumu zilizojengwa juu ya sayansi iliyokwisha kukataliwa.

Milipuko

Milipuko nayo huchunguzwa kwa kuchekecha vifusi na kutafuta masalia ya kemikali. Milipuko ya mabomu kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, iliyoua watu 224, ilichunguzwa na FBI pamoja na polisi wa Kenya na Tanzania. Washtakiwa 4 walitiwa hatiani New York mwaka 2001.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania uchunguzi wa chanzo cha moto hufanywa na Jeshi la Polisi pamoja na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Uchunguzi wa kemikali hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Baada ya soko la Kariakoo kuungua Julai 2021, serikali iliunda kamati ya kuchunguza chanzo.