Chumba cha Meno Hakina Mtu Mmoja

Wiki hii nimeona tukae pamoja kwenye kiti ambacho wengi wetu tunakiogopa kuliko kiti cha mahakamani. Nacho ni kiti cha kung'olea jino.

Nimekuwa na safari za mara kwa mara Kizimkazi, kule Kusini Unguja, ambako msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Pale Mkunguni, kwenye diko la wavuvi, ukimuuliza mtu aliye na pengo nani kamng'oa, jibu ni moja: "Daktari." Ukimuuliza nani kaosha vifaa, anakutazama kama aliyeulizwa nani kafagia njia. Na hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yanapoanza. Ndani ya chumba cha meno hufanya kazi watu wanne au watano tofauti, kila mmoja na dhamana yake, na kila dhamana ina historia. Mara nyingi historia hiyo ni ya maumivu.

Zamani kazi yote ilikuwa ya mtu mmoja. Ulaya alikuwa kinyozi, anayekata nywele asubuhi na kung'oa magego jioni. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alitoa kitabu kilichoitaka kazi hii iwe elimu kamili, na mwaka 1840 chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kilifunguliwa Baltimore, Marekani. Sisi huku tulikuwa na mswaki wa mti, na tulikuwa na karafuu. Jino likiuma, mtu aliuma karafuu. Wala wazee hawakukosea, kwa sababu mafuta ya karafuu yana dawa iitwayo eujeno, ambayo ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hutuliza na kuziba jino. Ile harufu inayokupokea ukifungua mlango wa chumba cha meno, iwe Makunduchi au London, asili yake ni mkarafuu.

Basi nani alimletea daktari msaidizi? Mwaka 1885, katika mji wa New Orleans, daktari C. Edmund Kells alimwajiri mwanamke amsaidie pembeni ya kiti. Wakati ule mwanamke mwenye heshima zake hakwenda kwa daktari bila ya mume au ndugu, kwa hiyo wengi walikaa na maumivu yao nyumbani. Kells alipotangaza kwamba ndani yumo bibi anayehudumu, wanawake wakaja. Nadhani wasomaji wangu wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Kells huyo huyo alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupiga picha za eksirei za meno, mwaka 1896. Miaka ile hakuna aliyejua hatari ya mionzi. Alikuwa akiweka mkono wake mbele ya mashine mara kwa mara, saratani ikamla vidole, kisha mkono, akapasuliwa mara nyingi, na mwaka 1928 akajitoa uhai. Leo mpiga picha anapotoka nje au kusimama nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza kitufe, usidhani anakukimbia. Kanuni hiyo ililipiwa kwa mikono ya watu kama Kells.

Mwaka 1906, huko Bridgeport, Connecticut, daktari Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa na kuwaelimisha kuyatunza, na mwaka 1913 akafungua darasa la kazi hiyo. New Zealand nayo ilistuka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipogundua kwamba vijana wengi waliokwenda kujiandikisha jeshini walikuwa na meno mabovu. Madaktari walikuwa wachache, kwa hiyo kuanzia mwaka 1921 ikawafunza wauguzi wa kike kwa miaka miwili ili watibu meno ya watoto maskulini. Madaktari wengi walipinga, lakini mpango ulidumu na ukaenea. Malaya walifungua skuli yao Penang mwaka 1949.

Hapa kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, timu ya mwanzo ya madaktari wa Kichina iliwasili Zanzibar mwaka huo huo, na Machi 1965 Serikali ikatangaza matibabu bure. Hata hivyo, kutangaza matibabu ni jambo moja na kupata wa kutibu ni jambo jingine. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno nchini Tanzania yalianza Muhimbili mwaka 1979. Kabla ya hapo kijana alilazimika kusoma nje. Ndiyo maana mzigo mkubwa wa vijijini ulibebwa na matabibu wa meno, waliofunzwa katika vyuo kama vya Tanga na Mbeya.

Tabibu si daktari nusu. Huyu ndiye anayekuuliza kama una presha, sukari au ujauzito, anachoma ganzi, anang'oa, anaziba, anasafisha ukoga uliogeuka jiwe. Taya lililovunjika au uvimbe usioeleweka, wajibu wake ni kukupeleka kwa daktari. Fundi sanifu wa maabara yeye hukutengenezea meno ya bandia, japokuwa wahenga walishatuonya kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Nchi yetu nayo imechangia katika historia hii. Katikati ya miaka ya 1980, katika skuli ya meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianzisha njia ya kuziba meno bila ya keekee wala umeme. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya glasi-ionoma. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Kwa njia hii tabibu wa kijijini anaweza kuokoa jino ambalo zamani lingeng'olewa tu.

Sasa nije kwa yule ambaye hakuna anayemtaja, mhudumu anayechemsha vifaa. Nilipokuwa skuli ya msingi nilipelekwa kung'oa gego katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mtu mmoja aliandika jina langu, akanichoma sindano, akaning'oa, akasuuza koleo kwenye beseni la dawa, akamwita anayefuata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake, na foleni ilifika mlangoni.

Leo tunajua hatari ya beseni lile. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayaui vijidudu vyote. Vifaa vinataka mvuke wenye shindikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Mwaka 1990 Marekani iliripoti habari ya msichana aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi baada ya kung'olewa magego na daktari aliyekuwa navyo. Namna hasa alivyoambukizwa haikuthibitika, lakini dunia nzima ilianza kuuliza juu ya glavu na mitambo ya mvuke.

Hivyo basi, wenye kupanga bajeti na ikama wakumbuke kwamba kumpeleka tabibu kijijini bila ya mhudumu ni kumpeleka nahodha bila ya baharia. Siku mhudumu anapokuwa likizo, awepo wa kushika nafasi yake, ama sivyo tabibu atachagua kati ya kuwarudisha watu na kuharakisha koleo. Mgonjwa wa Kizimkazi anayerudishwa atapanda gari hadi mjini, kiasi cha kilomita 50, au atakwenda kwa yeyote mwenye koleo.

Na sisi wagonjwa tuna wajibu wetu. Tusisubiri jino liwe la kung'olewa tu. Tuulize, kwa adabu, kama vifaa vimetoka kwenye mvuke. Na tukimaliza kumshukuru daktari, tugeuke tumshukuru na yule aliyesimama kando na trei. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.