Jinsi kompyuta inavyohamisha na kuzungusha ploti kwenye ramani

Katika programu za ramani, ploti si udongo wala ua, bali ni orodha ya pembe zake. Kila pembe huandikwa kwa nambari mbili: umbali wa kuelekea mashariki na umbali wa kuelekea kaskazini. Kwa hivyo, umbo lolote lenye pembe nyingi huweza kuhamishwa, kupanuliwa au kuzungushwa kwa kuzifanyia hesabu nambari hizo. Hesabu yenyewe huandikwa mara moja katika kifungu cha maagizo kiitwacho fanksheni, kisha hutumiwa kila inapohitajika.

Kuhamisha ndiko kwepesi, kwani kiasi kilekile huongezwa kwa kila pembe. Nchini Kenya, ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao hutofautiana kwa karibu mita 300 na ule wa WGS84 unaotumiwa na setilaiti za GPS. Ploti ya mfumo mmoja ikiwekwa juu ya mwingine bila marekebisho huangukia shamba la watu.

Kupanua ni kuzidisha, na hapa kosa dogo huzaa kubwa. Urefu wa pande ukizidi kwa asilimia 2, eneo huzidi kwa asilimia 4. Kwa ploti ya futi 50 kwa 100 (ambayo madalali huiita sehemu ya nane ya ekari, ijapokuwa imepungua futi 445 za mraba), hizo ni futi 202 za mraba zisizokuwepo.

Kuzungusha ndiko huleta balaa, kwa maana lazima umbo lizunguke mahali fulani. Fanksheni ya ST_Rotate katika programu ya PostGIS, isipoelekezwa vinginevyo, huzungushia umbo kwenye sufuri ya ramani. Katika gridi ya UTM inayotumika Nairobi, sufuri hiyo iko takriban kilomita 9,860 kutoka jijini. Ploti ya Nairobi ikizungushwa digrii 1 tu kinyume cha saa huruka kilomita 172 kuelekea magharibi, ikatua Narok, upande wa Maasai Mara. Aidha, fanksheni hiyo hupima kwa radiani. Anayeandika 90 akidhani ni digrii hupata mzunguko wa karibu digrii 117. Dawa ni kutaja katikati ya ploti yenyewe kuwa kitovu.

Mpangilio nao una uzito wake. Chukua ploti hiyo ya 50 kwa 100 yenye pembe moja kwenye sufuri. Ikizungushwa digrii 90 kinyume cha saa kisha ikahamishwa futi 200 mashariki, pembe hiyo huishia futi 200 mashariki. Ikihamishwa kwanza, huishia futi 200 kaskazini. Tofauti ni futi 283, ilhali eneo na umbo ni vilevile. Ndiyo maana anayekagua ekari peke yake hawezi kugundua kosa.

Wapimaji ardhi hulinganisha ramani na mawe ya mipaka. Mawili hutosha kupata kiasi cha kuhamisha, kupanua na kuzungusha. La tatu ndilo hufichua hesabu iliyokosewa.