Muti wa kutuliza kichwa, na magunia yetu ya maganda

Kwenye mashamba yaliyoachwa yapumuzike kunaota muti moja mudogo. Ukiukata unatoa maziwa, na majani yake yanatoka matatu ama manne pamoja. Jina lake la kitabu ni Rauvolfia vomitoria. Sisi wa agronomia tunaufyeka tu.

Historia yake inaanzia mbali, Uhindi. Kule wazee walikuwa wanatumia mizizi ya ndugu yake, Rauvolfia serpentina, kwa kutuliza mutu mwenye wazimu mukali. Mwaka 1931 waganga wawili wa huko, Sen na Bose, waliandika juu yake, lakini Ulaya haikusikia sana. Mpaka 1952, labo ya Ciba kule Basel ikatoa ndani ya mizizi ile dawa yenye kuitwa reserpini. Mwaka 1954 Nathan Kline akaonyesha kazi yake kwa wagonjwa wa akili New York. Mukumbuke, mbele ya pale hospitali zilikuwa na insulini, umeme wa kichwa, na kamba. Sasa mutu wa kupiga makelele usiku kucha akaweza kukaa na kuongea!

Hapo ndipo Kongo inaingia. Uhindi ilibana mizizi yake isitoke, na viwanda vikatafuta kwingine. Muti wetu uko na reserpini ileile, tena mingi zaidi. Watu wakachimba, wakachuna maganda ya mizizi, wakaanika, wakajaza magunia. Wakati wa Zaire tulikuwa kati ya wauzaji wakubwa wa maganda hayo duniani. Wauzaji wa maganda, si wa dawa: reserpini ilitolewa kwenye viwanda vya wengine, na faida ikabakia kule.

Dawa yenyewe haikukosa ubaya. Wengine iliwatia huzuni nzito, ama tensio ikashuka sana, na waganga wakaiacha polepole kwa ajili ya dawa zingine. Kwa hiyo asichemshe mutu mizizi hiyo nyumbani eti mawazo yamezidi. Kipimo hakionekani kwa macho.

Kinachonisumbua mimi ni shamba. Ukichimba mizizi yote, muti unakufa. Kinkina, ile ya malaria, huku Kivu ilipandwa kwa mistari, ikapata na kiwanda Bukavu. Huu mwingine ulichimbwa zaidi porini, na mpaka leo tunauhesabu na majani mabaya.