Jina la Ukoo, Kisha Namba

Abagusii wa magharibi mwa Kenya walijigawa katika makundi saba: Kitutu, Nyaribari, Bassi, Machoge, Wanjare, na Mugirango ya Kaskazini na ya Kusini. Serikali ya kikoloni ilipochora lokesheni zake, ilifuata mgawanyo huo.

Mwaka 1963 ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa. Kila shamba lilipaswa kuwa na kadi yake katika rejista, na kutambulishwa kwa jina la eneo la usajili pamoja na namba. Wapima walipopanda vilima vya Gusii, nchi ya Abagusii, majina ya koo yakaingia kwenye hatimiliki: Wanjare/Bogiakumu, West Kitutu/Bogusero, Nyaribari Chache/B/B/Boburia, kisha namba. Nyamira ilipotengwa na Kisii kuwa wilaya mwaka 1989, hati za mashambani hazikuhitaji majina mapya, kwa maana neno Kisii halikuwamo.

Ugumu ulikuja na urithi. Baba akifariki na wana wanne wakagawana shamba, namba yake hufungwa, na vipande vipya hupewa namba zinazofuata mwisho wa orodha. Ndiyo maana jirani wa namba 40 anaweza kuwa na namba inayozidi elfu tano. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii pekee, kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,300; kwa msongamano huo, mashamba yamegawanywa tena na tena, kizazi baada ya kizazi.

Anayefanya sachi, yaani kutafuta taarifa za shamba kwenye rejista, hupeleka namba. Mjukuu anayejua jina la babu tu hulazimika kuanza kwa wazee wa ukoo, kwa chifu, au kwenye ramani ya usajili. Akiipata namba ya zamani, kadi yake iliyofungwa, ile iitwayo kadi ya kijani, humwonyesha namba zilizotokana nayo. Kwangu mimi, maandishi hayo machache ya karani ndiyo hazina ya rejista nzima: kadi hiyo ikipotea, uzi kati ya babu na wajukuu hukatika, na kesi huanza.

Ardhisasa, mfumo wa kuweka rekodi za ardhi kwenye kompyuta, ulizinduliwa Aprili 2021, ukianzia Nairobi. Kazi ya namna hiyo katika Gusii inadai kadi zilizofungwa ziingizwe pamoja na zilizo hai, kila namba ikiunganishwa na ile iliyoizaa. Tahajia nayo isawazishwe: hatimiliki husema Majoge, majimbo ya uchaguzi hutumia Bomachoge, na kompyuta haitajua kwamba ni watu wale wale mpaka iambiwe.