Usharika Uliokataa Kutoa Majina

Katika nyanda za juu za Haute-Loire, nchini Ufaransa, karibu mita 1000 juu ya usawa wa bahari, upo mji mdogo wa Le Chambon-sur-Lignon. Wenyeji wake wengi walikuwa Waprotestanti, ambao babu zao waliteswa na wafalme kwa ajili ya imani. Mateso hayo hayakusahauliwa nyumbani mwao, nayo yana uzito katika habari hii.

Tarehe 22 Juni 1940 Ufaransa iliweka silaha chini mbele ya Ujerumani. Eneo la kusini likabaki chini ya serikali ya Jemadari Pétain huko Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Kesho yake, Jumapili, Mchungaji André Trocmé na mwenzake Édouard Theis waliwahimiza washarika wapinge udhalimu kwa silaha za Roho. Tangu hapo Wayahudi waliokimbia walipokewa katika nyumba, mashamba na mabweni ya mji, wengi wao wakiwa watoto.

Agosti 1942 polisi walifika na mabasi. Trocmé alitakiwa kutoa orodha ya Wayahudi. Alikataa, akisema kwamba hajui Wayahudi, anajua wanadamu tu. Msako uliofuata haukupata watu ila wachache mno. Kukataa kwa mchungaji kusingefaa kitu kama jirani mmoja tu angetaja alichokiona. Lakini mji mzima ulijua, nao ukanyamaza. Si haki, basi, kuwapa wachungaji peke yao sifa hiyo, na mwaka 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu iliwatunukia heshima wenyeji wa Le Chambon na vijiji jirani kwa pamoja.

Majeshi ya Ujerumani yaliikalia kusini mnamo Novemba 1942. Februari 1943 serikali ya Vichy iliwafunga Trocmé na Theis kambini karibu na Limoges. Waliahidiwa uhuru iwapo wangetia sahihi ahadi ya utii. Wakakataa, ingawa jamaa zao walikuwa wakiwangoja. Hata hivyo waliachiliwa.

Wengine hawakurudi. Tarehe 29 Juni 1943 Gestapo walivamia bweni la wanafunzi lililoitwa Maison des Roches. Msimamizi wake, Daniel Trocmé, jamaa ya mchungaji, alikuwa mahali pengine asubuhi ile, na nafasi ya kutoroka alikuwa nayo. Akaenda kuwa pamoja na vijana wake. Alifia katika kambi ya Majdanek mwaka 1944.