Telenovela

Telenovela ni tamthilia ya televisheni ya Amerika ya Kilatini inayorushwa karibu kila siku kwa miezi kadhaa, kisha ikafika tamati. Mizizi yake imo katika michezo ya redio ya Kuba.

Iliyotia fora ni Los ricos también lloran ya Meksiko (1979), yaani "Matajiri Nao Hulia". Verónica Castro aliigiza Mariana, yatima maskini anayeolewa katika nyumba ya kitajiri. Mumewe anamshuku. Akiwa amechanganyikiwa, Mariana anamkabidhi mwanawe mchanga kwa bibi muuza tiketi za bahati nasibu, kisha anamsaka kwa miaka mingi. Mtazamaji anajua mtoto alipo, mama hajui. Uhondo wote uko hapo: kuijua siri na kushindwa kumnong'oneza.

Mwaka 1992 mamilioni ya Warusi waliifuatilia. Wakenya nao waliipata kupitia runinga ya taifa, KBC, miaka ya 1990.

Wengi huzitazama telenovela kisha wakakana. Aibu hiyo haina msingi: kisa kinachomfanya mtu aharakishe kuanua nguo na kuinjika chungu mapema, asipitwe na kipindi cha leo, kimesukwa kwa ustadi.