Nyumba ya Maskini na Moto Wake: Kumbukumbu ya Mji wa Kindu



Ukiuliza ni nani aliyeujenga mji wa Kindu, wazee watakujibu: ni reli. Wana haki. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa na Baroni Empain mwaka 1902, ililaza njia ya chuma kutoka Kindu hadi Kongolo. Kufikia mwaka 1911 treni zilikuwa zikikutana hapa na meli za mto zitokazo Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Penye kazi watu walikusanyika. Na penye watu paa lilihitajika.

Sheria za kazi za wakati wa Wabeleji zilimdai mwajiri ampatie mfanyakazi makao. Hivyo nyumba ilifuata kazi, na aliyepoteza kazi alipoteza na paa. Asiye na mwajiri alijijengea mwenyewe kwa miti, udongo na majani.

Mwaka 1952 serikali ya ukoloni iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, yaani OCA. Katika muda usiotimia miaka kumi ofisi hiyo ilijenga nyumba zipatazo 40,000, ambazo familia ziliweza kununua kwa kulipa kidogo kidogo. Lakini zilijengwa katika miji mitano tu: Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville, Bukavu na Usumbura. Umeme wa maji nao ulishika njia ileile: bwawa la Tshopo lilianza kuiangazia Stanleyville mwaka 1955, na lile la Ruzizi likaifuatia Bukavu mwishoni mwa miaka hiyo. Kindu haikuhesabiwa. Hata ilipofanywa makao makuu ya jimbo la Maniema mwaka 1988, iliendelea kukua kwa mikono ya wakaaji wake, huko Kasuku, Mikelenge na, ng'ambo ya mto, Alunguli.

Kumbukumbu hiyo yaeleza jambo tunaloliona kila siku. Palipokosekana mkopo na umeme, maskini alijenga na kupika kwa kuni. Tofali la kuchoma hudumu, lakini kila tanuru hula miti mingi. Baada ya tofali huja mbabula, nayo hudai makala asubuhi na jioni. Kisha yapo manjanja: hayavuji kama majani, bali pasipo dari hugeuza chumba kuwa tanuru jingine adhuhuri. Mwenye kipato humaliza joto hilo kwa jenereta na feni. Mjane mwenye watoto hutoka nje akatafuta kivuli cha mwembe. Basi nyumba iliyonunuliwa kwa bei ndogo huenda ikawa ghali kwa yule anayeishi ndani yake.

Wazee wetu walilijua neno hili. Ukuta wao mnene wa udongo ulitunza ubaridi, na paa lao lilishuka chini kuukinga na mvua na jua. Tusiwasifu kupita kiasi: majani huoza, hushika moto, na mchwa hula miti. Lakini elimu yao yaweza kuunganishwa na ya sasa. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá, Kolombia, iliundwa mashine ya mkono iitwayo CINVA-Ram. Hukandamiza udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likapatikana tofali gumu lisilohitaji tanuru. Likilazwa juu ya msingi wa mawe, chini ya paa lenye upenu mpana na dari, hata ya mikeka, nyumba hupoa na msitu husalia.

Katika waraka wa Laudato si', mwaka 2015, Papa Fransisko aliweka ukosefu wa makao pamoja na kilio cha dunia, wala hakuvitenga. Nasi tusivitenge. Jumuiya inapokusanyika kumjengea mjane, isitosheke kuhesabu matofali na manjanja. Iulize pia: mama huyu atapikia nini, na watoto watalalaje joto likizidi? Zamani waliotugawia nyumba hawakutuuliza. Tukijenga wenyewe, hatuna udhuru wa kutoulizana.